Kwa mwalimu wa sayansi anayeandika maombi ya ufadhili

Rasimu za maombi ninazoletewa na walimu wenzangu hapa Arusha zina kasoro moja inayojirudia: hazina mwanafunzi. Utakuta shauku ya sayansi tangu utotoni, utakuta nafasi ya teknolojia katika uchumi wa taifa, utakuta semina zote alizohudhuria mwandishi na vyeti alivyopewa. Yule mtoto wa kidato cha pili aliyenyoosha mkono akasema jambo lililomfanya mwalimu asimame na chaki hewani, huyo hayumo. Ukurasa wa kwanza unaisha, wa pili unaisha, mlango wa darasa haujafunguliwa.

Nilipata ufadhili wa kitaifa wa walimu wa sayansi na hisabati miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nafundisha kemia na fizikia katika shule ya kata upande wa Meru. Tangu hapo walimu huniletea maandishi yao niyapitie, wengine kwa simu, wengine wananikabidhi karatasi tukikutana sokoni Tengeru Jumamosi, katikati ya ndizi na mitumba. Wanaomba vitu tofauti: mafunzo ya wiki chache nje ya nchi, mwaka wa kukaa na watunga mitaala, fedha za mradi wa shule. Masharti yanatofautiana na hubadilika, kwa hiyo sitaeleza mpango mmoja. Nitaeleza kilichowabeba waliochaguliwa miongoni mwa niliowasoma. Walichukua kipindi kimoja walichokifundisha, wakakieleza mpaka chini kabisa.

Masharti kwanza, maana hayana maneno mengi. Yasome kabla hujaandika sentensi. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp limewahi kurushwa tangazo la ufadhili wa Marekani wenye jina la Albert Einstein, na watu wakaanza kutoa vyeti kabatini. Ni mpango mzuri kweli. Mwalimu wa sayansi au hisabati anatolewa darasani kwa miezi 11 anakwenda kukaa Washington, katika ofisi ya Bunge lao au idara ya serikali kuu, ili wanaopanga sera za elimu wawe na mtu wa karibu anayelijua darasa. Umewekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ila sharti mojawapo ni uwe raia wa Marekani, na hapo safari ya mwalimu wa Arumeru inakuwa imekwisha. Mafunzo ya walimu yanayofadhiliwa na serikali ya Japani kupitia wizara yao ya elimu, MEXT, yamekuwa yakitaka mwombaji awe chini ya miaka 35 na awe ameshafundisha miaka isiyopungua 5. Ukiwa na miaka 41 hakuna insha itakayokuokoa. Mpango wa Fulbright wa walimu wa sekondari, ule wa TEA, umekuwa wa wiki 6 katika chuo kikuu cha Marekani, na waliovuka mchujo wa kwanza hufanya mtihani wa Kiingereza wa TOEFL. Kila mpango una mlango wake. Angalia kama unapita, kisha ndipo uchoke.

Kuna jambo moja linalohusu mipango hii yote ambalo tangazo halilisemi waziwazi. Imetengenezwa kwa ajili ya mwalimu atakayebaki kuwa mwalimu. Kamati inaogopa kumlipia nauli mtu anayeikimbia chaki. Kama unachokitaka hasa ni shahada ya uzamili ili uhamie chuo, hilo ni lengo halali kabisa, na Taasisi ya Nelson Mandela iko hapo hapo Tengeru tangu 2011, kaombe kule. Lakini usiiandike ndoto hiyo kwenye maombi ya ufadhili wa walimu halafu ushangae kwa nini hawakukupigia simu.

Sasa tuingie kwenye insha.

Mwalimu mmoja wa kemia wa upande wa Usa River aliniletea rasimu yake. Ilianza na sayansi kuwa ufunguo wa maendeleo, ikapita kwenye uhaba wa vifaa, ikamaliza na ahadi ya kuwatia moyo wasichana. Kiingereza kilikuwa safi. Nilipomaliza kuisoma sikukumbuka chochote. Nikaiweka pembeni nikamuuliza: Madam, ni kipindi gani mwaka huu ambacho umekwenda nacho nyumbani, ukawa unakiwaza mpaka kwenye daladala?

Akanyamaza kidogo, akasema kile cha maji.

Sisi wa chini ya Mlima Meru tunaijua floridi, madini yaliyomo kwenye maji yetu, kabla hatujaifikia kwenye silabasi. Tunaiona kwenye meno ya kahawia ya ndugu zetu. Mto Maji ya Chai unajulikana kwa hilo, na visima vingi vya ukanda huu vivyo hivyo. Sasa yeye, badala ya kuandika ubaoni madhara ya floridi moja, mbili, tatu, aliwaambia wanafunzi wamletee chupa tupu za maji ya dukani. Maji ya chupa huwa na lebo inayotaja madini yaliyomo, floridi ikiwemo. Darasa la watoto zaidi ya 60, hakuna kifaa cha kupimia, lakini siku iliyofuata meza ya mwalimu ilikuwa imejaa takwimu za bure. Wakachora jedwali. Wakalinganisha na kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Baadhi ya lebo zilikuwa zimeandika kwa ppm, yaani sehemu kwa milioni, na vikundi viwili vikagombana kama hicho ni kipimo kingine, mpaka wakaelewa kwamba kwa maji ya kunywa namba inabaki ile ile.

Hapo mvulana mmoja akasema: nyumbani sisi tunachemsha, kwa hiyo floridi yote inakufa. Nusu ya darasa ikaitikia.

Alikuwa na dakika chache zimebaki na azimio la kazi lilikuwa linamdai mada nyingine. Hakumsahihisha. Alimwambia aiandike kauli ile ubaoni, akaiacha pale. Kipindi kilichofuata akaja na jiko la mchina, sufuria na chumvi. Wakaonja maji ya chumvi yakiwa baridi, wakayachemsha mpaka yakapungua sana, yakapoa, wakaonja tena. Nyuso zikakunjana. Chumvi haikufa, imezidi. Ndipo wakapiga hesabu: lita 2 zenye miligramu 1.5 kwa lita zina miligramu 3 za floridi. Ukichemsha zikabaki lita 1.5, miligramu 3 ziko pale pale, na sasa kila lita ina miligramu 2. Umeanza ukiwa kwenye kiwango, umemaliza umekivuka. Yule mvulana akaenda mwenyewe kuifuta kauli yake na kuandika nyingine: kuchemsha kunaua vijidudu, floridi si kijidudu.

Kisha msichana wa nyuma akauliza kuhusu magadi ya kuivishia makande. Mwalimu hakuwa na jibu siku ile, akaenda kulitafuta, akarudi nalo: magadi ya huku kwetu nayo yana floridi, na baadhi yake yana nyingi. Kwa hiyo hesabu ya maji peke yake haikutosha, ikabidi watoto waanze kuorodhesha vinavyoingia kwenye sufuria.

Nikamuuliza, haya mbona hayamo humu ndani? Akanijibu: "Jamani mwalimu, hayo si ya kawaida tu?"

Hapo ndipo tunapokwama wengi. Tunadhani kilicho cha kawaida kwetu hakifai kupelekwa kwa wakubwa, halafu tunawapelekea wakubwa maneno ambayo ni ya kawaida kwa kila mtu. Kipindi kile kina kila kitu ambacho kamati inakitafuta bila wewe kujisifu hata mara moja. Kinaonyesha unaijua kemia. Kinaonyesha unasikiliza wanafunzi wanavyofikiri, na kosa la mtoto kwako ni mali. Kinaonyesha unaweza kupata takwimu mahali pasipo na maabara. Na hakuna mwalimu wa Mtwara au Kigoma atakayekileta, kwa sababu ni cha hapa.

Ukishakipata kipindi chako, usikisimulie chote kwa usawa. Sehemu ya chupa ni sentensi mbili. Sehemu ya kutunza ni ile ya uamuzi: ungeweza kumsahihisha mtoto pale pale ukaendelea na mada, kwa nini hukufanya hivyo? Ulifikiria nini? Uliogopa nini? Ulipoteza nini kwenye azimio la kazi, na ulikirudishaje? Mwalimu anayeweza kueleza kwa nini alifanya alichofanya ni adimu kuliko mwalimu mwenye vyeti, na watu wanaosoma mamia ya maombi wanamtambua kwa haraka.

Walimu wa hisabati huniambia wenzetu wa kemia mna bahati, sisi tuna namba tu. Si kweli. Chukua mtoto wa kidato cha kwanza anayejumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano, amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mwalimu mmoja wa Sakina, hapa Arusha, aliandika ukurasa mzima juu ya kosa hilo. Badala ya kuweka alama ya kosa alimuuliza mtoto: mbili ya tano na nusu, ipi kubwa? Mtoto akachora, akaona mbili ya tano ni ndogo. "Sasa umeongeza kitu kwenye nusu, mbona imepungua?" Kipindi kizima kikasimama juu ya swali hilo, na akaeleza pia kwamba wanafunzi wake walibishana kwa Kiswahili ndipo wakaandika kwa Kiingereza, kwa sababu walikuwa na miezi michache tu tangu watoke shule ya msingi ambako hisabati walisoma kwa Kiswahili. Hiyo ni insha, na haikuhitaji hata rula.

Nikiwa hapo hapo: usianze na ufaulu wa taifa. Kila mwombaji wa hisabati ataandika kwamba watahiniwa wengi wa kidato cha nne wanafeli Basic Mathematics. Ni kweli, na wasomaji wako wanalijua kuliko wewe. Vivyo hivyo uhaba wa vifaa. Wanazifahamu shule za kata, wanazikumbuka zile maabara tatu tatu zilizohimizwa wakati wa Rais Kikwete, na wanajua kwamba ukuta ukisimama bomba la gesi halisimami lenyewe. Itaje hali ya shule yako kwa sentensi moja, kama mazingira, kisha endelea na ulichokifanya ndani yake. Malalamiko yakizidi aya moja, msomaji anaanza kumtafuta mwalimu amekwenda wapi.

Kuhusu lugha. Maombi mengi yanaandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chetu cha maombi huvaa suti ya harusi hata pale panapohitaji koti la maabara. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni hii: kabla ya kuandika, mtumie rafiki yako ujumbe wa sauti kwa Kiswahili ukimsimulia kile kipindi, kama unavyosimulia ofisini wakati wa chai. Kisha jisikilize mwenyewe. Mpangilio uliotoka mdomoni ndio mpangilio wa insha yako. Ukiuweka kwenye Kiingereza rahisi, sentensi fupi, utakuwa umewaacha wengi nyuma. Siku hizi wengi wanaandikiwa na ChatGPT na mimi nazisoma hizo pia. Zote zina shauku, zote zina safari, zote zinawezesha kizazi kijacho. Itumie kunyoosha sarufi kama Kiingereza kinakusumbua. Usiiache ikusimulie darasa ambalo haikuingia.

Halafu kuna adabu yetu ya kusema tulifanya. Idara ilifanya, shule ilifanya, kwa kushirikiana na uongozi tukafanya. Nyumbani ni uungwana, lakini kamati haitoi ufadhili kwa idara. Wanachotaka kujua ni nani aliyeleta jiko la mchina. Tumezoea pia kusema kizuri chajiuza. Kwenye maombi haya hakijiuzi, kinakaa kabatini na mwenye nacho. Sema nilifanya pale ulipofanya wewe, na wataje wenzako pale walipofanya wao. Ukiwataja vizuri, inakupandisha.

Ushahidi ni habari nyingine, na huu ndio unaotofautisha aliyejiandaa na aliyeshtukizwa na tangazo. Tangazo huweza kutoka likakupa wiki chache tu, na wiki chache hazitoshi kutengeneza ushahidi wa kipindi ulichofundisha mwezi wa pili. Weka bahasha moja ya kaki kwenye droo yako. Tupia humo kila kinachoonyesha wanafunzi walivyokuwa wakifikiri: jedwali la kikundi lililokosewa, maswali waliyoandika kwenye vikaratasi, picha ya ubao kabla haujafutwa. Ukipiga picha, piga daftari na mikono. Sura za watoto zinahitaji ridhaa ya mzazi na ruhusa ya shule, na kamati makini itakuuliza.

Anza na andalio la somo. Sote tunaijua ile sehemu ya maoni chini ya ukurasa, na sote tunajua tunachoandika: somo limeeleweka. Limeeleweka Jumatatu, limeeleweka Jumanne, limeeleweka hata siku ambayo nusu ya darasa lilikuwa likifagia uwanja kwa ajili ya mgeni. Jaribu mara moja kwa wiki kuandika pale sentensi ya kweli. "Wengi wanadhani kuchemsha kunaondoa floridi, kesho niwape maji ya chumvi." Sentensi hiyo ina tarehe, ina sahihi ya mwalimu wa taaluma, na hakuna barua ya mapendekezo itakayoishinda. Mthibiti Ubora wa Shule akipita naye ataipenda zaidi, niamini.

Ukitaka namba, zitengeneze kwa njia nyepesi. Maswali matano kabla ya mada, yale yale matano baada ya mada, na tena baada ya mwezi wakiwa wamesahau kuwa kuna jaribio. Andika ilivyotoka. Kama baada ya mwezi wameshuka, andika kwamba wameshuka na unadhani ni kwa nini. Usichukue matokeo ya mitihani ya taifa, ya NECTA, ya shule nzima ukayaweka mabegani mwako. Kidato cha nne kina kambi, kina masomo ya ziada ya jioni, kina walimu wengine waliomfundisha mtoto yule yule tangu kidato cha kwanza. Msomaji mwenye uzoefu akiona "niliongeza ufaulu" bila maelezo anavuta kalamu nyekundu. Na kama umewahi kuongoza wanafunzi kwenye Young Scientists Tanzania, mpango ulioanza 2011 na ambao huwa na maonesho yake Dar es Salaam, usitaje tu kwamba mlikwenda. Eleza swali la utafiti lilivyozaliwa, lilikuwa baya kiasi gani lilipoanza, na ulimuuliza nini mwanafunzi mpaka likapimika.

Wadhamini. Hapa pana desturi tunayoijua wote: unamwendea mkuu wa shule, anakwambia, "Andika mwenyewe Mwalimu, ulete nisaini." Hana ubaya, ana mafaili mezani na ana wageni mlangoni. Lakini barua uliyojiandikia inafanana na insha yako sentensi kwa sentensi, na msomaji anazishika zote mbili kwa wakati mmoja. Fanya hivi. Wiki kadhaa kabla, mwambie: "Mkuu, shikamoo. Naomba siku moja uingie kwenye kipindi changu, hata dakika ishirini." Wengi watafurahi, maana ni nani huwa anawaalika? Kisha mpelekee ukurasa mmoja wa mambo, kwa nukta tu: kipindi gani aliingia, wanafunzi wangapi, umebeba majukumu gani ya idara, tangazo linataka barua iseme nini. Barua akiiandika yeye mwenyewe, hata kama ni fupi, itakuwa na macho yake.

Mdhamini wa pili asiwe mheshimiwa. Nimeona watu wakimtafuta diwani, hata mbunge, kwa sababu muhuri wake unatisha. Hajawahi kukuona ukifundisha. Mkuu wa idara anayekaa meza ya pili kutoka kwako, au mhadhiri aliyekukagua ukiwa mafunzo ya vitendo, ana thamani kubwa kuliko huyo.

Na kabla mkuu wa shule hajauliza, wewe jibu swali ambalo liko moyoni mwake: vipindi vyako atashika nani? Shule nyingi za huku zina mwalimu mmoja wa fizikia, na kukuruhusu ni kuwaacha watoto na ubao mtupu. Nenda na pendekezo. Labda kuna kijana amemaliza chuo kikuu cha Mwenge, pale Moshi, anajitolea mtaani kwako. Labda mwalimu wa hisabati atashika kidato cha kwanza na wewe ulipize muhula unaofuata. Labda mada ngumu utazitanguliza kabla hujaondoka. Mkuu aliyepewa mpango husaini kwa moyo mweupe. Aliyepewa barua tupu huiweka chini ya nyingine.

Ruhusa nayo ina ngazi zake. Ukiwa mtumishi wa umma, barua yako haiendi moja kwa moja kunakokwenda. Inapitia kwa mkuu wa shule, inafika kwa Afisa Elimu Sekondari, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na kama ni safari ya nje kuna kibali cha ngazi ya juu zaidi cha kusubiri. Usingoje uchaguliwe ndipo uanze kuuliza nani anakaa ofisi ipi. Mweleze Afisa Elimu mapema kwamba unaomba. Akisikia kwa mara ya kwanza siku unapotaka sahihi, ataona umemruka. Kila barua ibaki na nakala yako yenye muhuri wa kupokelewa.

Pasipoti vilevile. Tangu 2018 tunatumia ya kielektroniki, na ile ya kawaida ilianza kwa ada ya shilingi 150,000. Uhamiaji watataka kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa, na wanaokwama mara nyingi wanakwamishwa na majina: cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, NIDA ina matatu, cheti cha kuzaliwa kimeandika jina la babu kwa herufi nyingine. Vilaze vyote mezani leo, uvilinganishe. Kama vinahitaji kiapo kwa wakili, kiapo kifanyike wakati huna haraka.

Ukiitwa kwenye usaili, wengi siku hizi wanaufanya kwa mtandao. Tafuta mahali penye umeme wa kuaminika na intaneti isiyotegemea bando la simu yako, ujaribu siku moja kabla kwa saa ile ile, maana mtandao wa saa nne asubuhi sio wa saa mbili usiku. Maswali ya darasani utayajibu, ulishayaishi. Linaloangusha watu ni lile la mwisho: ukirudi utafanya nini? Majibu ninayoyasikia ni makubwa mno, kituo cha sayansi cha kanda, taasisi yenye jina la mwombaji. Kamati inapenda kitu kinachoweza kuanza Jumatatu. Tuna MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, na karibu kila shule imeambiwa iwe na jumuiya ya ujifunzaji ambako walimu wanakaa kujadili masomo yao. Sehemu nyingine zinakaa kweli, sehemu nyingine zinakaa kwenye taarifa. Sema kwamba utakipeleka kipindi chako cha maji kwenye jumuiya ya shule yako, kisha shule mbili za jirani, utaje mwezi, utaje mada, useme nani atakukaribisha. Kama umeshakipeleka hata kabla ya usaili, ndio vizuri zaidi, maana utaweza kusema wenzako walikikosoa wapi.

La mwisho ni saa. Tangazo likisema mwisho ni saa kumi na moja jioni kwa saa za Washington, hapa kwetu ni saa sita usiku wakati wa kiangazi chao, na saa saba usiku wakati wa baridi yao. Lakini usikae macho kusubiri dakika hizo. Skani vyeti mapema kwenye steshenari inayojua kupunguza ukubwa wa faili bila kuua maandishi, tuma siku mbili kabla, piga picha ya ukurasa unaothibitisha kwamba maombi yamepokelewa, kisha mtumie mkuu wa shule ujumbe umwambie barua yake imefika. Atafurahi kujua, na bado utamhitaji kwa kile kibali.